Kutoka Kituoni hadi Bondeni: Mwanamke Mpelelezi katika Televisheni ya Uingereza

Tamthilia ya upelelezi, yaani mchezo wa televisheni unaoanza na uhalifu, aghalabu mauaji, kisha ukafuata nyayo za yule anayemsaka mhalifu, ni miongoni mwa tungo zilizodumu kwa muda mrefu zaidi katika televisheni ya Uingereza, na kwa miaka 25 ya mwanzo ilikuwa milki ya wanaume. Kuingia kwa mwanamke katika milki hiyo kumeandikwa mara nyingi kama historia ya vyeo: nani alitangulia kuwa inspekta, nani alitangulia kuongoza kikosi cha mauaji. Historia hiyo ni ya kweli, lakini inaacha kando mandhari, istilahi ambayo katika uhakiki wa fasihi hubeba mahali, wakati na mazingira ya kijamii yanamotendeka matukio. Mwanamke mpelelezi hakupewa kazi tu, bali alipewa pia mahali pa kuifanyia, na mahali hapo ndipo palipoamua ni maswali gani angeruhusiwa kuuliza, nani angemzuia, na maiti ya nani ingewekwa mbele yake.

Katika *Dixon of Dock Green*, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 1955, mahali palikuwa mtaa wa mashariki mwa London ambamo konstebo mzee aliwafahamu wakazi kwa majina, na polisi wa kike, alipoonekana, alishughulika na watoto waliopotea na wanawake waliokuwa wakilia. Mgawanyo huo haukuwa ubunifu wa waandishi, kwa sababu polisi wa kike wa Uingereza walikuwa na idara yao ya pembeni, yenye ngazi zake za vyeo na kazi zake mahususi. Idara ya London iliunganishwa na kikosi kikuu mwaka 1973, na sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kazini ikafuata mwaka 1975. Ilhali mwaka huohuo wa sheria ndio ulioleta *The Sweeney*, tamthilia ya kikosi cha London cha kupambana na ujambazi wa silaha, ambamo jiji ni uwanja wa magari yanayofukuzana, maghala matupu na baa zilizojaa moshi, na ambamo wanawake ni wake walioachwa, wapenzi wa usiku mmoja au mashahidi. Mtunzi wake, Ian Kennedy Martin, ni ndugu wa Troy Kennedy Martin, ambaye mwaka 1962 alikuwa ameanzisha *Z-Cars* na kuutoa upelelezi London na kuupeleka kaskazini, katika mji wa kubuni ulio karibu na Liverpool. Inafaa kuyakumbuka majina ya ndugu hawa wawili, kwa kuwa mmoja wao ndiye aliyekuja kuifungulia njia tamthilia iliyo kinyume kabisa na ile ya magari na bastola.

Mwaka 1980 ulileta tamthilia mbili kwa pamoja. Ya kwanza, *The Gentle Touch* ya ITV, ilimweka Inspekta Maggie Forbes, aliyeigizwa na Jill Gascoine, katikati ya London, na ikamfanya mjane katika sehemu ya kwanza kabisa kwa kumuua mumewe, ambaye naye alikuwa polisi. Ya pili, *Juliet Bravo*, ilianza BBC miezi michache baadaye, na mtunzi wake alikuwa Ian Kennedy Martin yuleyule wa *The Sweeney*. Inspekta Jean Darblay, aliyeigizwa na Stephanie Turner, hakuwa mpelelezi wa nguo za kiraia bali mkuu wa kituo mwenye sare, katika mji mdogo wa kubuni uitwao Hartley, mkoani Lancashire, mahali pa viwanda vya nguo vilivyokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Jina la tamthilia lilitokana na ishara yake ya kuitwa redioni. Mumewe, Tom, alifanya kazi ya ustawi wa jamii, na kesi za kituoni hazikuwa za majambazi wa kimataifa bali za mtoto aliyetoroka nyumbani, mzee aliyetapeliwa, ugomvi wa majirani, na mume anayempiga mkewe.

Wapo waliouona mji huo mdogo kama njia ya kumpunguza mwanamke, kana kwamba cheo alipewa kwa sharti la kutomkaribisha penye uhalifu mkubwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba katika mji mdogo kituo cha polisi hakitengani na jikoni za watu, na kwamba ukatili wa majumbani, ambao polisi wengi wa wakati huo waliuita mambo ya mtu na mkewe, uliweza kuonekana kwenye skrini kwa sababu mandhari haikuwa na maghala wala ujambazi wa benki wa kuuficha. Lancashire, mkoa uleule ambamo mji wa Hartley ulibuniwa, ndiyo iliyompata mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi zima la polisi la mkoa nchini Uingereza, Pauline Clare, mwaka 1995.

Ng'ambo ya pili ya milima ya Pennine, katika Yorkshire Magharibi, miaka iliyotangulia *Juliet Bravo* ilikuwa na sura nyingine. Kati ya mwaka 1975 na 1980 Peter Sutcliffe, dereva wa lori aliyeishi Bradford, aliua wanawake 13 na kujaribu kuua wengine, huku polisi wa mkoa wakimhoji mara kadhaa na kumwachia. Mwaka 1979 uchunguzi ulipotoshwa na mkanda wa sauti uliotumwa na mtu aliyejifanya muuaji, na kwa kuwa msemaji alikuwa na lafudhi ya Sunderland, washukiwa wasiokuwa na lafudhi hiyo waliwekwa kando. Wanawake wa Leeds na Bradford waliambiwa wasitoke peke yao usiku, jambo lililowafanya wengi wajione wao ndio waliowekewa amri ya kutotembea, na mwezi Novemba 1977 waliandamana barabarani usiku kudai haki ya kupita. Lililobaki kwenye kumbukumbu zaidi ya yote ni ugawaji wa waliouawa katika makundi mawili: makahaba, na wale walioitwa wasio na hatia. Katika kesi ya mwaka 1981 Mwanasheria Mkuu mwenyewe, Michael Havers, aliieleza mahakama kwamba la kusikitisha kuliko yote huenda ni kuwa baadhi ya waliouawa hawakuwa makahaba. Polisi wa Yorkshire Magharibi waliomba radhi kwa lugha ya aina hiyo mwaka 2020, baada ya takribani miaka 40.

Bila historia hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini *Prime Suspect*, iliyoonyeshwa na ITV mwezi Aprili 1991, inaanza jinsi inavyoanza. Mwandishi wake, Lynda La Plante, alijifunza kazi kwa Jackie Malton, mmoja wa wanawake wachache sana waliokuwa na cheo cha inspekta mkuu wa upelelezi London, na akamuumba Jane Tennison, aliyeigizwa na Helen Mirren. Inspekta mwenzake anakufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo katikati ya uchunguzi wa mauaji, na Tennison, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akirukwa kila kesi kubwa inapogawiwa, anaidai kesi hiyo. Kikosi kinaomboleza na kumchukia kwa wakati mmoja. Kosa la kwanza analoligundua halihusu muuaji bali maiti: mwanamke aliyelala chumba cha maiti siye yule ambaye wanaume wa kikosi wamekwisha kumwandika kwenye jalada. Waliona mwili uliokutwa katika chumba cha kahaba, wakahitimisha kwamba huyo ndiye kahaba wanayemfahamu, na hawakutazama tena. Ni vigumu kupata katika televisheni ya zama zile shutuma nzito zaidi dhidi ya polisi kuliko hiyo, nayo imetolewa bila hotuba yoyote, kwa njia ya jalada lenye jina lisilo lake.

Mandhari ya *Prime Suspect* ni kituo chenyewe. London haionekani sana. Kinachoonekana ni korido ambamo mazungumzo hukatika anapopita, chumba cha uchunguzi kilichojaa moshi wa sigara na picha za maiti ukutani, mlango wa ofisi ya mkuu unaofungwa wakati wanaume wakishauriana, na baa ambamo maamuzi ya kesho hufanyika leo jioni. Wanajiografia na wanasosholojia huita mpangilio wa namna hiyo nafasi ya kijinsia, maana yake ni mahali ambapo mgawanyo wa kike na kiume umejengwa ndani ya kuta, ratiba na desturi, hata pasipokuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumzuia mtu. Wakati tamthilia inaonyeshwa, Alison Halford wa polisi wa Merseyside, ambaye mwaka 1983 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kupata cheo cha mkuu msaidizi wa jeshi la polisi la mkoa, alikuwa amefungua madai ya kubaguliwa baada ya kunyimwa vyeo mara kwa mara, na shauri lake lilimalizwa kwa maridhiano mwaka 1992. Kwa hiyo watazamaji walikuwa wakiletewa habari na tamthilia zenye chumba kimoja. Swali lililoulizwa kwenye vyumba hivyo, hata hivyo, lilikuwa finyu: je, mwanamke anaiweza kazi hii? Tennison analijibu tena na tena hadi mwaka 2006, kwa gharama ya ndoa, uzazi na afya, na gharama hizo zinaonyeshwa kama bei ya lazima, jambo ambalo ndilo udhaifu mkubwa wa tamthilia hii iliyo bora kwa mengi mengine.

Mlango mwingine ulifunguliwa kutoka nje ya Uingereza. Mwaka 2007 shirika la utangazaji la umma la Denmark, DR, lilionyesha *Forbrydelsen* ya Søren Sveistrup, ambamo mpelelezi Sarah Lund, aliyeigizwa na Sofie Gråbøl, anachunguza mauaji ya msichana mmoja kwa sehemu 20, kila sehemu ikiwa siku moja ya mwezi Novemba wa Copenhagen, wenye mvua na giza la mapema. DR ilikuwa na kanuni kwamba kila tamthilia iwe na hadithi mbili, moja ya tukio na nyingine ya jamii, na kwa hiyo mauaji ya msichana yanafuatwa sambamba katika nyumba ya wazazi wake na katika ukumbi wa siasa za jiji. Hakuna anayeuliza kama Lund anaiweza kazi. Amevaa sweta la sufu la mtindo wa visiwa vya Faroe na viatu vya kutembelea, hazungumzi sana, na kamera inamfuata akiwa amesimama peke yake katika majengo yenye giza, akitazama. BBC ilipoionyesha mwaka 2011 ikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, ilipata wapenzi wengi kuliko ilivyotarajiwa, na watunzi wa Uingereza walijifunza kwamba mtazamaji yuko tayari kukaa na familia ya marehemu kwa saa nyingi, na kwamba hali ya hewa inaweza kubeba huzuni ambayo mazungumzo hayawezi.

Tamthilia iliyofuata ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kuunganisha mahali na jinsia, neno ambalo hapa lina maana ya nafasi na matarajio ambayo jamii humpa mtu kwa kuwa mwanamke au mwanamume. Katika *Broen*, iliyotungwa na Hans Rosenfeldt na kuonyeshwa Sweden na Denmark mwaka 2011, taa zinazimika kwenye daraja la Øresund, linalounganisha Malmö na Copenhagen tangu mwaka 2000, na zinapowaka panaonekana mwili umelazwa juu ya mstari wa mpaka. Kila nchi inamtuma mpelelezi wake: Saga Norén kutoka Malmö, aliyeigizwa na Sofia Helin, na Martin Rohde kutoka Copenhagen. Mwili unapoinuliwa unatengana kiunoni. Nusu ya juu ni ya mwanasiasa wa Sweden. Nusu ya chini ni ya kahaba wa Denmark aliyetoweka zaidi ya mwaka mmoja kabla, na ambaye kesi yake ilikuwa imeachwa. Hoja ya muuaji, ambayo tamthilia inaichukulia kwa uzito ijapokuwa inamlaani anayeitoa, ni kwamba watu si sawa mbele ya sheria. Yale makundi mawili ya waliouawa Yorkshire yameshonwa hapa kuwa mwili mmoja, na mpaka wa nchi umefanywa uonyeshe mpaka uliokuwapo tangu awali kati ya mwanamke anayetafutwa na mwanamke asiyetafutwa.

Muundo huo ulisafirishwa kwenye mipaka mingine, na kila mpaka uliubadilisha. Kwenye njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza ulipata tofauti za lugha na tabia, basi. Mwaka 2013 ulipopelekwa kati ya El Paso ya Marekani na Ciudad Juárez ya Mexico, ulikutana na historia isiyohitaji kubuniwa, kwani tangu mwaka 1993 Juárez ilikuwa imepoteza mamia ya wanawake na wasichana, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya kuunganisha bidhaa za kuuzwa nje, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mabara ya Amerika ilikuwa imeihukumu Mexico kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza vifo vyao. Nusu moja ya mwili ikawa ya jaji wa Marekani na nyingine ya msichana wa Juárez, na swali la polisi gani watasumbuka kwa ajili ya nani likapata uzito ambao Skandinavia, pamoja na ufundi wake wote, haikuweza kulipa. Afrika Mashariki nayo imepata sura yake ya aina hii ya utunzi: *Crime and Justice*, iliyoanza mwaka 2021, inamweka mpelelezi Makena, aliyeigizwa na Sarah Hassan, katika Nairobi, ambako kesi zinaanzia mitaani na kuishia mahakamani.

Uingereza ilipoirudisha mandhari pana nyumbani, ilivuna na kupoteza. *Vera* ilipata nyika na pwani za Northumberland, *Broadchurch* ikapata majabali ya Dorset yanayong'aa jua linapotua, na watalii wakafuata. Hapana budi kusema wazi kwamba uzuri huo una hatari yake, kwa sababu kamera iliyozoea kuipamba milima huishia kuipamba maiti. *The Fall* ya mwaka 2013, iliyowekwa Belfast, jiji ambalo kwa miongo mitatu lilihesabu waliouawa kwa siasa na kuwasahau waliouawa majumbani, ilikuwa na wazo la thamani kubwa, pamoja na mpelelezi, Stella Gibson, anayewakataza wenzake kuwapima marehemu kwa mizani ya uadilifu wa kimapenzi. Lakini tamthilia hiyohiyo inakaa muda mrefu kupita kiasi na mikono ya muuaji akiipanga miili ya wanawake aliowaua, na waliolalamikia jambo hilo walikuwa na haki. Haitoshi mpelelezi kuwa mwanamke mwenye maneno ya busara ikiwa jicho linaloongoza kamera ni la muuaji.

*Happy Valley*, iliyoanza BBC mwaka 2014, ndiyo iliyolitatua tatizo hilo kwa ukamilifu zaidi, na ililitatua kwa njia ya mahali. Mwandishi wake, Sally Wainwright, alikulia Sowerby Bridge, katika bonde la mto Calder, Yorkshire Magharibi, na kabla ya hapo alikuwa ameandika *Scott & Bailey*, tamthilia ya wapelelezi wa kike wa Manchester. Bonde hilo ni jembamba na lenye kuta kali za mawe na majani. Karne ya 18 lilifumia sufu majumbani na kuiuza Halifax, katika soko kubwa la vitambaa lililofunguliwa mwaka 1779, kisha likajaza viwanda kandokando ya mto na mfereji, na viwanda vilipokufa palibaki majengo matupu, nyumba zilizopangwa safusafu zikibebana mlimani, na dawa za kulevya, ambazo ndizo zilizowafanya polisi wa huko walibatize eneo hilo bonde la furaha.

Catherine Cawood, aliyeigizwa na Sarah Lancashire, ni sajini mwenye sare, kama ambavyo Jean Darblay alikuwa inspekta mwenye sare. Aliwahi kuwa mpelelezi na akauacha ukachero baada ya binti yake, aliyebakwa na kuzaa mtoto, kujiua. Sehemu ya kwanza inamkuta kwenye uwanja wa michezo ya watoto, mbele ya kijana mlevi aliyejimwagia petroli na kushika kiberiti. Njiani ameingia dukani na kutoka na miwani ya jua na mtungi wa kuzimia moto, na anaanza kumweleza kijana huyo, kwa sauti ya mtu anayepanga foleni, yeye ni nani: ameachwa, anaishi na dada yake anayejinasua na heroini, mtoto mmoja amekufa, mwingine hasemi naye, na analea mjukuu. Wasifu wote wa mhusika unatolewa kama kazi ya polisi, kwa kuwa katika bonde hilo kazi ya polisi ni kukaa karibu na mtu na kumwambia ukweli wa kutosha ili asiwashe kiberiti. Kile kilichomgharimu Tennison ndoa na nyumba hakitenganishwi tena na sare; nyumba ya Catherine ni sehemu ya eneo lake la doria.

Mageuzi makubwa zaidi yamo katika nafasi ya mwathiriwa. Ann Gallagher, binti wa mfanyabiashara, anatekwa na kufungiwa katika chumba cha chini ya nyumba ya kawaida kabisa kwenye safu ya nyumba, na mtekaji ni Tommy Lee Royce, mbakaji wa binti yake Catherine. Kwa desturi ya tamthilia hizi angefika chumba cha maiti. Badala yake Catherine anapoingia na kupigwa karibu na kufa, ni Ann anayemwokoa na kumburuta hadi nje, na katika msimu wa pili, mwaka 2016, Ann mwenyewe amejiunga na polisi. Ubakaji hauonyeshwi, kinachoonyeshwa ni miaka inayofuata, mikutano ya chai mezani, mtoto anayeanza kuuliza baba yake ni nani. Kwa kuwa bonde ni dogo, mhalifu hawezi kuwa mgeni aliyetoka gizani: amesoma shule ileile, mama yake anafahamika, na mfereji anakojificha ndio anaoupita mjukuu akienda kucheza. Hofu haitokani na mahali pasipojulikana bali na mahali panapojulikana mno, na hapo ndipo Wainwright alipoutibua uwongo wa miaka ya Sutcliffe kwamba mwanamke akibaki nyumbani yu salama.

Sehemu ya mwisho ya *Happy Valley* ilionyeshwa tarehe 5 Februari 2023 na kutazamwa usiku huo na zaidi ya watu milioni 7. Wiki sita baadaye, mwezi Machi, ilichapishwa ripoti ya Louise Casey kuhusu polisi wa London, iliyoagizwa baada ya askari wao mmoja kumteka, kumbaka na kumuua mwanamke mmoja mwaka 2021 kwa kutumia kitambulisho chake cha kazi, na ripoti hiyo ilihitimisha kwamba chuki dhidi ya wanawake imo ndani ya taasisi yenyewe. Kwa watunzi wa tamthilia hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Kituo cha polisi, ambacho Jane Tennison alikipigania kama mahali pa kuingia na ambacho Catherine Cawood alikitoka kila asubuhi kuelekea bondeni, sasa kinapaswa kuandikwa kama mahali pa tukio, penye utepe mlangoni na mashahidi wa kuhojiwa ndani, na mwanamke mwenye sare anayefanya kazi humo anapaswa kuandikwa kama mmoja wa mashahidi hao.